Timu Moja Tu, Jamani

Hapa Uvira mtu anaweza kukosa umeme wiki nzima, akakosa maji, akakosa na mshahara, asiulizwe kitu na mtu. Akikosa timu, atahojiwa kuanzia Kavimvira mpaka Kalundu. "Papa, weye uko timu gani?" Ukijibu kwamba huna, wanakutazama kama mtu aliyefika mpakani bila karatasi. Kinyozi anazima mashine akiwa bado katikati ya kichwa chako. Mama muuza ndagala anashikilia kopo lake la kupimia hewani, anasubiri ujieleze kwanza.

Miaka yote hiyo niliishi bila timu na sikuumwa. Wenzangu wakibishana kuhusu penalti, mimi nachambua mukeke wangu taratibu, namaliza, nalala. Kilichonishinda ni matanga. Siku hizi kwenye matanga wanaume wanamlilia marehemu dakika chache tu, halafu usiku kucha ni mpira. Asiye na timu hana la kusema, na asiye na la kusema ndiye anayetumwa kuchota maji. Nimezika ndugu wengi, nimechota maji mengi. Nikasema basi, msimu wa 2025/26 na mimi nichague.

Nilidhani kuchagua timu ni jambo la jioni moja. Kumbe kila timu inakuja na kesi yake.

Jirani yangu wa kwanza ni Manchester United. Akanihesabia makombe ishirini ya ligi. Nikamuuliza la mwisho ni la lini. Akaangalia ziwa. Ni la 2013, na msimu wa 2024/25 timu yake ilimaliza nafasi ya 15. Jirani wa pili ni Liverpool, naye ana makombe ishirini, tena la ishirini ni bichi kabisa. Huyo sikumtaka kwa sababu moja: akishinda haachi mtu alale.

Wa tatu ni Arsenal. Hawa niliwaonea huruma. Walichukua ubingwa 2004 bila kufungwa hata mechi moja, na mtoto aliyezaliwa mwaka ule leo ana masharubu. Halafu misimu mitatu mfululizo, mpaka ule wa 2024/25, walimaliza nafasi ya pili. Mtu mwenye subira ya namna hiyo angefaa kuwa askofu. Lakini kesi ya Arsenal hapa kwetu haiko kwenye makombe, iko kwenye mkono wa jezi. Tangu 2018 mkono wa kushoto ulikuwa umeandikwa "Visit Rwanda". Februari 2025, Goma ikiwa imeshachukuliwa na waasi wanaosaidiwa na Rwanda, waziri wetu wa mambo ya nje, Thérèse Kayikwamba Wagner, aliziandikia Arsenal, Paris Saint-Germain na Bayern Munich akizitaka ziachane na matangazo hayo. Huko London barua inasomwa ofisini. Huku kwetu inasomwa barabarani, kwenye bega la mtu.

Namjua motari mmoja ambaye hana jezi nyingine, na hana timu nyingine. Alichofanya ni kununua sparadra ya kufungia vidonda, ile nyeupe, akaikata vipande viwili na kubandika juu ya yale maandishi. Jezi nyekundu, mkono mweupe, kidonda katikati. Mvua ikinyesha sparadra inaanza kujikunja pembeni, naye anaendesha kwa mkono mmoja huku wa pili unaikandamiza irudi. Nikamuuliza kwa nini asihame timu tu. "Mukubwa, Arsenal ni yangu. Mukono tu ndiyo haiko yangu." Nikaona hapa pana mapenzi ambayo mimi siyawezi. Mimi natafuta timu, sitafuti ajali.

Nikafikiri Barcelona ndiyo dawa. Julai 2025 nchi yetu ilitia sahihi mkataba na Barcelona, miaka minne, kwa zaidi ya yuro milioni 40. Jina la Kongo likawekwa mgongoni mwa jezi zao za mazoezi, na maneno kwamba sisi ni moyo wa Afrika. AC Milan na Monaco nao wakapata chao. Nikasema hii imekwisha: nchi yangu inalipa, mimi ni raia wa nchi yangu, kwa hiyo mimi ni mdhamini wa Barcelona. Nikaenda kwenye kibanda cha video nikiwa nimenyoosha shingo. Mwenye kibanda akanidai franka mia tano. Nikamweleza cheo changu kipya. Akasema wadhamini pia wanalipa mia tano, na mdhamini akitaka kiti chenye mgongo anaongeza.

Kijana mmoja wa Real Madrid akanimaliza mbele ya watu. Akasema, "Papa, timu yetu inalipwa na Waarabu. Yenu inalipwa na weye." Kibanda kizima kikacheka. Nami nikakaa kwenye benchi lisilo na mgongo, nikitafuta mgongo ulioandikwa jina la nchi yangu, na hata huo hauonekani mechi ikichezwa kwa sababu ni wa jezi za mazoezi. Dakika ya sabini jenereta ikakohoa, ikazima. Mchango wa petroli ukapitishwa. Nikauliza kama zile milioni 40 haziwezi kugusa hata kidogo hili dumu la lita tano. Sikujibiwa. Nikatoa.

Rafiki mmoja mwenye elimu akanishauri nifuate wachezaji wetu badala ya timu. Nikaandika majina: Wan-Bissaka alikuwa West Ham, Sadiki na Masuaku walikuwa Sunderland, Tuanzebe alikuwa Burnley, Wissa alikuwa Brentford. Kabla wino haujakauka, Wissa akahamia Newcastle. Ukifuata wachezaji, utahama nyumba kila dirisha la usajili, na mimi kodi ninayolipa ya nyumba moja inanitosha.

Mtauliza: na Mazembe je? Mazembe naiheshimu. Imechukua ubingwa wa Afrika mara tano, mwaka 1967, 1968, 2009, 2010 na 2015. Desemba 2010 ilifika fainali ya Kombe la Dunia la klabu, ikafungwa na Inter Milan 3-0, na bado watu hapa wanamkumbuka zaidi kipa wao Kidiaba akirukaruka kwa makalio kuliko hao Inter waliobeba kombe. Lakini Lubumbashi ni mbali na mimi. Panda meli Kalundu, shuka Kalemie, na hapo ndiyo kwanza safari inaanza. Bujumbura yenyewe naiona taa zake usiku kutoka mlangoni kwangu, na Vital'O ya kule ilifika fainali ya Kombe la Washindi la Afrika mwaka 1992. Shida ni mpaka. Mpira unaisha jioni na mpaka unafungwa jioni, sasa shabiki alale wapi, Gatumba?

Kwa kinyozi ndipo nilipopata jibu, naye alikuwa bado ananidai jibu tangu ile siku ya nusu kichwa. Simu yake ilikuwa inapiga kelele za mechi kutoka Tanzania. Picha ilikuwa imeganda, mduara unazunguka tu, lakini sauti ilikuwa inakuja. Mtangazaji alikuwa anamsema beki fulani kwa Kiswahili kilichonyooka, kwa ustadi wa mama mkwe, na mimi nikacheka peke yangu kabla sijajua ni timu gani zinacheza. Kwa mara ya kwanza nilielewa kila neno. Kwenye mechi za Ulaya sisi tunapigia kelele kioo. Mchezaji wa Ulaya nikimtukana kwa Kiswahili hata tafsiri hapati.

Yanga ndio waliokuwa wanacheza. Nikaanza kuulizia ukoo wao, nikakuta wengi ni ndugu. Shabani Nonda, mzaliwa wa Bujumbura aliyeichezea timu ya taifa ya Kongo, alipita Yanga miaka ya tisini kabla ya kufika fainali ya Ulaya ya 2004 akiwa na Monaco. Fiston Mayele aliwatetemesha wote, halafu akaenda Pyramids ya Misri na kuchukua ubingwa wa Afrika 2025. Maxi Nzengeli naye alifika pale akitoka Maniema Union ya Kindu. Hapo nikajiona niko nyumbani.

Basi nikatangaza: mimi ni Yanga. Amani ilidumu kama usiku mmoja. Asubuhi mtu akanikumbusha kwamba Januari 2025 Yanga waliifunga Mazembe 3-1 Dar es Salaam, akataka kujua siku hiyo ningelia upande gani. Nimemjibu kwamba zikikutana tena nitakuwa na malaria. Mwingine akanieleza habari ya Machi 8, 2025, siku Yanga na watani wao Simba walipotakiwa kukutana. Mechi ikaahirishwa siku ileile kwa ugomvi wa Simba kuzuiwa kufanya mazoezi uwanjani, ikaja kuchezwa Juni 25, Yanga wakashinda 2-0 na kubeba ubingwa. Nilipenda matokeo, ila niliona kwamba hata timu ninayoielewa lugha yake inaweza kuninyima usingizi miezi mitatu na zaidi kwa mechi moja.

Bibi yangu alikuwa amenyamaza muda wote huu. Jioni, akigeuza bugali, akasema yeye ni Simba. Nikamuuliza tangu lini. Akasema tangu leo, kwa sababu Mpanzu aliyetoka Vita Club yuko kule, tena, "Weye ukishinda utamucheka nani humu ndani?" Sikuwa na jibu, na bugali ilikuwa mkononi mwake.

Kwa hiyo, ndugu yangu unayetafuta timu, makombe waachie wenye makabati na mikataba waachie mawaziri. Chukua timu ambayo ikifungwa unaweza kuisema kwa lugha yako na yenyewe ikasikia. Na jamani, mchango wa petroli tutoe kabla mpira haujaanza, tusingoje dakika ya sabini.