Misingi ya Elimumeki: Uainishaji wa Waamrishaji

Mwanafunzi, kaa kitako uandike. Elimumeki ni taaluma inayochunguza hali ya binadamu anapoandika amri ya make kwenye terminali na kubonyeza Enter. Wapo wanaodai kwamba falaki na tiba zinastahili kufundishwa kwanza. Ujana unawasumbua.

Fasili. Make ni programu inayosoma faili iitwayo Makefile na kuamua kipi kijengwe upya. Stuart Feldman wa Bell Labs, Marekani, aliiunda mwaka 1976, baada ya mwenzake Steve Johnson kupoteza asubuhi nzima akisaka kosa ambalo tayari alikuwa amelisahihisha. Kumbe faili haikuwa imekompailiwa upya. Maradhi hayo mimi nayaita usahaukompailishi, na istilahi hiyo utaikuta kwenye mtihani.

Piga mstari hapa: make haisomi ulichoandika. Inatazama saa tu. Faili ya msimbo ikiwa mpya kuliko zao lake, zao hujengwa upya, hata kama ulichofanya ni kuongeza mstari mtupu. Huu ndio uhakimusaa.

Sasa aina za waamrishaji.

Aina ya 1: Mwamini. Huandika make, huambiwa hakuna la kufanya, huridhika. Ni nadra.

Aina ya 2: Mtakasaji. Hatangulizi lolote kabla ya make clean, yaani kufuta kila kilichojengwa. Aina ya 2(a), mtakasaji wa hofu, hukodolea macho kioo wakati wa kufuta. 2(b), mtakasaji wa mazoea, keshakwenda kuchukua chai. Wanaowachanganya hawa wawili hawanifai darasani. Ipo pia 2(c), mtakasaji batili, ambaye ndani ya folda yake kuna faili yenye jina clean. Make huiona faili hiyo, humjibu kwamba clean iko sawa, na haifuti kitu. Tiba yake ni kuitangaza clean kuwa lengo bandia kwa neno .PHONY.

Aina ya 3: Mharakishaji. Huongeza -j ili kazi nyingi ziende kwa pamoja, lakini husahau kutaja idadi. Make haimwekei kikomo, na kompyuta hukwama hata kishale cha mausi kisisogee. Kitaalamu: mfumukokazi.

Aina ya 4 ni Mgusaji, anayetumia touch kuzifanya faili zionekane mpya. Tusimzungumzie.

Tumefika kwenye utupulojia, kitovu cha maarifa yote. Kwa desturi, kila amri chini ya kanuni ndani ya Makefile lazima ianze na Tab. Nafasi za kawaida hazikubaliki, ingawa kwa macho utupu huo na utupu ule hautofautiani hata chembe. Feldman mwenyewe amesimulia kwamba kasoro hii aliiona mapema, ila alikuwa na watumiaji kama 12 hivi, wengi wao marafiki, akaona haya kuwavurugia kazi. Heshima kwa watu 12 ikawa sheria kwa mamilioni.

Tazama sasa jambo zito. Ukianza mstari wa amri kwa nafasi 8, GNU Make, namna mojawapo ya make, husimama na kukuuliza kama ulikusudia Tab. Yaani kosa inalijua, dawa inakutajia, na kukuhudumia inakataa! Hali hii ni ujuzikatalifu, na sijaiona kwingine ila kwenye madirisha ya ofisi fulani ambazo sitazitaja.

Mwaka 2010, toleo la 3.82 la GNU Make liliruhusu kubadilisha Tab kwa alama nyingine kupitia .RECIPEPREFIX. Hiyo ni bidaa. Atakayeitumia asinisalimie.

Mtihani ni kesho saa mbili asubuhi. Njoo na Makefile yako imechapwa kwenye karatasi. Tab nitazikagua kwa macho, moja baada ya nyingine.