Tuwatetee Wapulizaji Wasiopumzika

Wapulizaji wa kinanda cha mdomo wanaoujaza wimbo wa bluzi mpaka pomoni wanastahili pongezi, si lawama. Kinanda chenyewe kina matundu 10, na kinalia ukipuliza, kinalia ukivuta pumzi; kwa nini basi fundi aache hata tundu moja lipoe? Mwimbaji akifungua kinywa, naye yumo. Akifunga, yumo zaidi. Ni kama mshereheshaji anayemsaidia bwana harusi kusema "nimekubali": bila yeye, ndoa ingefungwa kimyakimya.

Pima hasara aliyoileta mpulizaji Hammie Nixon wa Brownsville, Tennessee. Mwaka 1935, mjini Chicago, alirekodi "Someday Baby Blues" na mwimbaji Sleepy John Estes. Estes anaimba kwa sauti iliyopasuka, ya kilio; Nixon anatembea chini yake, anaujibu mkia wa mstari kwa mvuto mmoja wa pumzi, kisha anarudi chini. Uzembe mtupu! Msikilizaji analazimika kuyasikia maneno. Yupo atakayedai kwamba wimbo ni wa mwimbaji. Hoja dhaifu: tangu lini wimbo ukalipwa posho? Mwingine atamtaja mpulizaji Little Walter, aliyetamba na "Juke" mwaka 1952 bila neno kuimbwa, lakini nyuma ya mwimbaji Muddy Waters akajua pa kukaa. Basi na huyo tumsamehe, ujana. Wa kuhurumiwa ni Estes: alizunguka na Nixon hadi Ulaya mwaka 1964, akazeeka naye, asipate hata siku moja mtu wa kumfunika.