Mjomba Wati Anajibu: Nimwache au Nimtengeneze?

Wiki hii barua za ndoa nimemwachia Anti wa ukurasa wa pili. Zilizonibakia ni za kompyuta, ingawa kwa jinsi zilivyoandikwa hata mhariri alishindwa kujua zipi ni za nani.

Shikamoo Mjomba. Huu ni mwaka wa pili niko naye. Ni Dell OptiPlex 7010 la kasha la kusimama, nilimtoa Kariakoo akiwa mtumba wa ofisi za Ulaya. Ana Core i5-3470, RAM ya GB 4 kijiti kimoja, na hadidiski. Kwa Word na Excel simlalamikii. Nikimfungulia GTA V, anaganda, anahema, feni inavuma mpaka mama anauliza nani anakoboa mpunga. Rafiki yangu anasema nimwache, niongeze hela nichukue mpya. Mimi nina laki tatu na nusu tu. Nifanyeje?
Njia Panda, Tabata

Marahaba mpwa wangu. Huyo rafiki muogope. GTA V ilipotoka kwa kompyuta Aprili 2015, wenyewe walitaja sifa za mashine ya kuichezea vizuri, na prosesa ya Intel waliyoiandika ilikuwa i5-3470. Hiyo hiyo uliyonayo! Wakataka na RAM ya GB 8 na kadi ya picha ya GTX 660. Kwa hiyo mwenzio akili anazo, ni njaa tu inamsumbua. (Nasema toleo lile la kwanza. Lililotoka 2025 lina masharti mengine, usimtese nalo.)

Kabla ya kutoa hata shilingi, mfungue umpulizie vumbi, umbadilishie na ile dawa ya kupitisha joto iliyo kati ya prosesa na feni. Mashine ya 2012 dawa yake imeshakauka ikawa unga, na prosesa ikichemka inajipunguzia kasi yenyewe. Nusu ya kuhema unakokusikia kunatoka hapo.

Halafu RAM. Utaona nafasi nne, moja tu ndiyo ina mpangaji. Weka vijiti viwili vinavyofanana vya GB 4, ili prosesa ichote kwa njia mbili kwa mpigo badala ya moja. Mwambie muuzaji unataka DDR3 ya kompyuta ya mezani. Ya laptopu ni fupi, na DDR4 pengo lake limekaa pengine, haiingii hata ukiisukuma kwa dua.

Sasa kadi ya picha, na hapa ndipo vijana wengi wanapoangukia pua. Wanaanza kwa kutamani kadi, pawa saplai wanaikumbuka moshi ukishatoka. Wewe anza na lebo ya pawa saplai. Kwenye kasha lako imeandikwa wati 275, na hizo zinagawanywa kwa prosesa, diski, feni na kila kilichochomekwa. Kadi kubwa inaweza kutaka nusu yake peke yake, tena kupitia waya wa pini sita ambao humo ndani haupo. Nafasi ya PCI Express kwenye bodi inatoa hadi wati 75. Basi tafuta kadi inayotosheka na hizo: GTX 1050 Ti ya 2016, yenye GB 4, au ukibahatika GTX 1650 ya 2019. Zote mbili zipo zenye tundu la waya wa ziada na zisizo nalo. Ukiwa bado dukani, pitisha kidole ukingo wa juu wa kadi. Ukigusa tundu la pini, irudishe kaunta.

Na usije ukashawishiwa pawa saplai mpya iliyoandikwa wati 700 wakati uzito wake ni wa mkate wa robo. Wenye OptiPlex 9020 ndio kabisa: plagi ya bodi yenu ina pini nane za Dell mwenyewe, pawa saplai ya kawaida haichomeki bila kiunganishi. Wenye makasha membamba nao watafute kadi fupi yenye bati fupi. GT 1030 inakula wati 30 hivi, lakini soma boksi: ya 2017 ina GDDR5, ya 2018 ina DDR4, jina moja na kasi mbili tofauti kabisa. Ya pili muachie muuzaji.

Ikibaki chenji, nunua SSD. Windows itawaka upesi na ramani zitafunguka upesi, ila fremu za gemu hazitaongezeka. Ndiyo maana nimeiweka mwisho, mafundi wengi wakasirike wakitaka.

Mjomba, mume wangu amenunua feni tatu za taa za rangi na kioo cha ubavuni. Sebule inang'aa kama ukumbi wa harusi. Gemu bado inakwama na ada ya mtoto hatujalipa.
Nimechoka na Disko, Tanga

Binti yangu, taa haziongezi hata fremu moja. Mruhusu abaki na feni moja, itoayo hewa nyuma. Nyingine ziuzwe, ada ilipwe. Akikataa, huyo ni wa Anti.

Mjomba, nimepata GTX 1050 Ti kwa bei ya kutupa, muuzaji alisema anahama nchi. Windows inaitambua kwa jina. Lakini gemu ikianza tu, kioo kinakuwa cheusi. Kadi ina matundu matatu, mojawapo la bluu la VGA. Shida ni draiva?
Mwenye Matumaini, Mwanza

Umepigwa, mpwa wangu. Tundu la bluu ndilo linalomuumbua. Kadi za ukoo wa GTX 1050 Ti hazitoi picha ya VGA, hivyo halisi haina tundu hilo. Ulichouziwa, kwa uwezekano mkubwa, ni GTS 450 ya 2010 au ndugu yake, iliyochakachuliwa programu yake ya ndani ili ijitangaze kwa jina la mwingine. Windows inasoma jina lililoandikwa, haimuulizi mtu ukoo. Pakua programu ya bure ya GPU-Z. Matoleo yake tangu 2018 huzitambua kadi za namna hii na kuandika FAKE mbele ya jina. Wengine mkinunua mtumba, nendeni na programu hiyo kwenye flashi, kadi ichomekwe na gemu ichezwe mbele yenu ndipo hela itoke mfukoni. Muuzaji mwenye haraka ya ndege mtakieni safari njema.

Mjomba, nimeweka kadi mpya, feni yake inazunguka, lakini kasi ni ile ile ya zamani!
Sioni Tofauti, Morogoro

Waya wa monita bado umeuchomeka kwenye bodi. Uhamishie kwenye kadi.

Shikamoo Mjomba. Nataka kucheza Valorant. Nina 7010 kama wengine, natafuta i7-3770 niibadilishe prosesa, halafu niweke Windows 11. Ni wazo zuri?
Mshale, Kisauni

Marahaba. i7-3770 itakaa bila matata, tundu ni lile lile, na nyuzi za kazi zinatoka nne kuwa nane. Kwa gemu za zamani ni pesa halali. Kwa Valorant ni pesa ya maji. Windows 11 inakubali rasmi prosesa za Intel kuanzia kizazi cha nane, yako ni cha tatu. Na Valorant ndani ya Windows 11 inataka TPM 2.0 na Secure Boot, haina huruma. Windows 10 nayo msaada wake wa kawaida uliisha tarehe 14 Oktoba 2025. Kuna njia za kuzunguka za kuiingiza Windows 11 kwa nguvu, ila TPM 2.0 haiji kwa kuzunguka.

Wewe ndiye pekee wiki hii ninayemwambia aachane naye. Muuze akiwa bado anawaka, ongezea ile hela ya i7, utafute mtumba wa ofisi wa kizazi cha nane, kama OptiPlex 7060 yenye i5-8500. Ina kori sita.

Mtakaoandika wiki ijayo, tumeni na picha ya lebo ya pawa saplai. Picha za kadi mnazozitamani zinatosha, tumeshaziona.