Viungo Elfu kwa Laki Moja

"Kaka, tovuti yako haina viungo," aliniambia kijana wa Arusha aliyenitengenezea, kwa sauti ya daktari anayemweleza mgonjwa habari za figo. Nikanyamaza. Nyumbani kwetu Katesh, chakula kikikosa viungo huongezwa bizari. Rafiki yangu shabiki wa mpira akisikia kiungo huuliza kama ni mkabaji. Na bibi akitaja viungo, ujue baridi ya mlimani imemshika magotini. Hiki cha nne sikukijua.

Kazi yangu ni kupandisha wageni Mlima Hanang. Mlima una zaidi ya mita 3,400, lakini wakati ule ukiutafuta kwenye Google, tovuti yangu ilitokea ukurasa wa sita, mahali ambapo hata mimi mwenyewe sikuwahi kufika bila kupumzika njiani.

Kijana akafafanua. Kiungo, au linki, ni pale tovuti ya mwenzako inapomwelekeza msomaji kwako. Mwaka 1998 Larry Page na Sergey Brin, wakiwa wanafunzi wa Stanford kule Marekani, walieleza namna ya kuupima ukurasa kwa kuangalia kurasa nyingine zinazouelekea. Kila kiungo ni kama kura, ila kura hazilingani: anayetajwa na wengi, naye akikutaja, neno lake lina uzito. Hapo nikaelewa, maana mnadani ndivyo ilivyo. Mwenye fahali atamsifu mpaka jua lizame, wewe macho yako yako kwa mzee wa Kibarabaigi aliyeegemea fimbo pembeni. Mzee akiguna tu, hela inarudi mfukoni.

Kosa langu ni kwamba mzee sikumtafuta. Nilitafuta rahisi. Mtu mmoja wa mtandaoni akaniahidi viungo elfu moja kwa laki moja. Shilingi mia kwa kiungo! Hata yai halipatikani kwa bei hiyo. Nikatuma hela. Mama aliposikia nimenunua viungo elfu moja akauliza, "Pilau ya harusi ya nani, mwanangu?"

Vilipofika nikavifungua kimoja kimoja. Mlima wetu ulikuwa unasifiwa na kasino tatu, duka la meno ya bandia, na tovuti ya Kirusi inayouza dawa ambayo picha zake zilinifanya nifunike simu mama alipopita. Nikasubiri kupanda, sikupanda. Basi nikasubiri adhabu, maana nilisoma kwamba Aprili 2012 Google walileta chujio lililoitwa Penguin, la kuwashusha wanunuzi wa viungo kama mimi. Adhabu nayo haikuja. Kumbe tangu 2016 viungo vya namna ile kwa kawaida hupuuzwa tu. Laki moja imekwenda, na hakuna hata aliyenikaripia.

Nikaamua sasa nibadilishane kwa heshima. Kule Bashay, Mbulu, kuna mzee anauza vitunguu saumu, na ana tovuti aliyotengenezewa na mwanawe. Nikamwandikia: "Shikamoo mzee. Naomba unipe kiungo kimoja, nami nitakupa kimoja." Akajibu, "Marahaba. Kesho kinakuja." Kesho yake kondakta akanipigia niende stendi kuchukua mzigo: debe zima la vitunguu saumu, na juu yake karatasi, "Changu kinakuja lini?" Sikuwa na cha kurudisha. Mama akakagua debe, akatabasamu. "Hivi ndivyo viungo. Umeanza kujua kununua."

Nikachoka, nikaacha kuusifu mlima. Siku moja mgeni alinimalizia chupa zangu zote za maji kabla ya kilele, nami niliporudi nikakaa nikaandika ukurasa kwa hasira: kwamba huko juu usitegemee kupata maji, ubebe yako kutoka Katesh, kwamba mvua ikinyesha njia inateleza, kwamba kushuka kunaumiza magoti kuliko kupanda. Sikuweka hata neno moja la kumbembeleza mteja. Baada ya miezi kadhaa, mpanda milima mmoja wa Ulaya akawaelekeza wasomaji wake kwenye ukurasa ule katika simulizi za safari yake, bila kuombwa. Akafuata wa pili, kisha wa tatu. Viungo vitatu vikanitoa ukurasa wa sita mpaka wa kwanza, chini kabisa, pale kidole kinapokaribia kuchoka. Kizuri chajiuza, wanasema. Kwangu kilichojiuza ni kibaya nilichokikiri.

Mzee wa Bashay naye alikuja kueleweshwa na mwanawe, wakacheka, wakaniwekea kiungo cha kweli. Tatizo ni maneno waliyokitundikia. Google huyatumia maneno hayo kukisia ukurasa unaoelekewa unahusu nini, na wao, kwa mazoea ya biashara, waliandika "kitunguu saumu bora cha Mbulu".

Juzi simu ikaita kutoka Dar es Salaam. Nikakohoa kidogo, nikaweka sauti ya mwongoza wageni.

"Kaka, nimekuona Google. Magunia kumi yatafika lini Kariakoo?"

Nikampa namba ya mzee wa Bashay. Deni la kiungo kimoja nikawa nimelilipa.