Mheshimiwa Spika, Naomba Njia

Kwa Mheshimiwa Spika,
Bunge la Jamhuri ya Muungano wa Tanzania,
Dodoma.

YAH: MAOMBI YA KUPITISHWA NJIA

Mheshimiwa Spika,

Naomba nianze kwa kulipongeza Bunge lako tukufu. Nimesikiliza vikao vyenu redioni kiasi cha kutosha kujua kwamba mchango usioanza na pongezi hushukiwa kuwa na ajenda ya siri. Kwa hiyo nalipongeza jengo, navipongeza vipaza sauti, navipongeza viti. Viti hasa. Mimi ni mwuza asali na nta wa hapa Tabora mjini, na nilitia nia ya kukalia kimojawapo. Sikukikalia. Ndiyo maana ninao muda wa kukuandikia.

Mheshimiwa Spika, unakaa pahala penye historia na sisi. Zamani msafara uliotoka huku Unyanyembe kwenda Bagamoyo, na uliotoka pwani kuja huku, haukuwa na namna ila kukatiza Ugogo, hapo ulipo. Wageni walioandika habari za njia ile, akina Burton, Speke na Stanley, hawakuelewana kwa mengi, lakini walilalamikia hongo ya Ugogo kwa kauli moja. Kila mtemi alikuwa na madai yake: merikani, kaniki, shanga, nyaya. Mnabishana siku mbili tatu, maji yanawaishia, mnapatana. Kisha ngoma inapigwa, na kila aliyeisikia anajua kwamba msafara huu umelipa na njia iko wazi.

Wagogo ni watani wetu, kwa hiyo nawasema nikijua watanisema. Lakini lazima niwatendee haki. Mtemi wa Kigogo akishapokea nguo zako hakukuambia kwamba jina lako limepelekwa ngazi za juu kwa hatua zaidi.

Siku hizi Dodoma bado iko njiani, na njia bado inalipiwa. Dhamana ya Tume ya Uchaguzi kwa mgombea ubunge ni shilingi 50,000, nayo haina ugomvi. Mlima uko kwenye vyama. Chama kikubwa kuliko vyote kiliuza fomu ya kuwania ubunge kwa shilingi 100,000 mwaka 2020. Mwaka 2025 ikawa 500,000. Tatizo langu si fedha, maana asali inauzika. Tatizo langu ni ngoma. Nimelipa, nimesubiri, nimetega sikio, na mpaka leo hakuna aliyenigongea hata debe.

Chama nilichojiunga nacho sitakitaja. Niliapa kutunza siri za vikao, hata vile ambavyo sikuitwa.

Naomba unisamehe nikieleza kampeni yangu kidogo, kwa kuwa hakuna gazeti lililoieleza. Nilizunguka jimbo kwa bodaboda, nyuma yangu dumu la asali, mbele yangu vumbi la gari la mtia nia mwenzangu. Nilikutana na wajumbe chini ya miembe, ile mikubwa iliyopandwa enzi za misafara ili wapagazi wapate kivuli. Niliwaeleza bei ya tumbaku inavyopangwa na watu ambao hawajawahi kukaa usiku kando ya bani la kuikaushia. Niliwaeleza miombo inavyokwisha na nyuki wanavyohama. Walinisikiliza vizuri mno. Mzee mmoja alinisifu kwamba tangu uhuru hajasikia hoja zilizopangwa kama zangu, kisha akanishauri kwa huruma nizirudie siku nitakayokuja na gari.

Tangu kura za maoni za 2020 nchi nzima inasema wajumbe si watu. Mimi napinga kauli hiyo, Mheshimiwa Spika, na naomba iondolewe kwenye Taarifa Rasmi za Bunge kama imo. Wajumbe ni watu. Wana ada za shule, wana wagonjwa, wana mabati yanayovuja. Mheshimiwa anayewakumbuka mara moja kila miaka mitano asitarajie kwamba siku hiyo moja watakataa sukari yake kwa kuiheshimu Sheria ya Gharama za Uchaguzi ya mwaka 2010. Tena Bunge lenu liliwahi kuwaelewa. Mwaka 2000 mlirekebisha sheria mkasema ukarimu wa jadi unaofanywa kwa nia njema si rushwa, mkauita takrima. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ikaibatilisha. Tangu hapo takrima ni marehemu, na matanga yake yanaendelea kila msimu kwa pilau.

Sisi wa Tabora tuna haki ya kuyasema haya kwa sababu hapa ndipo yalipoanzia. Januari 1958 TANU ilikutana mjini hapa kuamua kama itaingia kwenye uchaguzi wenye masharti ya Mwingereza: mpiga kura awe na kipato fulani, au elimu fulani, au cheo, kisha achague watu watatu, Mzungu, Mwasia na Mwafrika. Wengi walikuja wakitaka kususa. Mwalimu Nyerere akawageuza. Zuberi Mtemvu hakugeuka. Alitoka akaunda chama chake, na mwaka 1962 akagombea urais dhidi ya Mwalimu, akapata kura 21,276 mbele ya kura zaidi ya milioni moja. Alishindwa vibaya, lakini alishindwa na wapiga kura, na hiyo siku hizi ni heshima. Mkoloni alimpima mpiga kura mfuko. Sisi tumestaarabika: mpiga kura tumemwachia kura yake bure, mfuko tunampima mgombea.

Katika historia ya Bunge lako yupo mtu mmoja ninayemwonea wivu. Mwaka 1960 TANU ilishinda viti 70 kati ya 71, na 58 kati ya viti vyote vya mwaka ule havikuwa na mpinzani. Kiti kimoja kilichobaki kilikuwa Mbulu. Pale chama kilimteua Chifu Amri Dodo. Herman Sarwatt, mwanachama wa TANU aliyeona uteuzi huo haukuwa wa haki, akasimama mwenyewe, bila chama nyuma yake, akamshinda. Dunia haikuanguka. Nchi ilipata uhuru mwaka uliofuata, na sijasoma popote kwamba ulicheleweshwa na Mbulu.

Leo Sarwatt asingefika hata kwenye kupigwa picha. Ibara ya 67 ya Katiba inanitaka niwe na miaka 21, nijue kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza, na niwe nimependekezwa na chama cha siasa. Miaka ninayo, na nyingine imezidi. Kuandika, barua hii ni ushahidi. Kilichobaki ndicho kilichomhangaisha Mchungaji Christopher Mtikila maisha yake yote. Mwaka 1994 Jaji Kahwa Lugakingira, hapohapo Dodoma, alisema raia anaweza kugombea bila chama. Kabla mwaka haujaisha Bunge likarekebisha Katiba ili asiweze. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ikasema anaweza. Mwaka 2010 Mahakama ya Rufani, majaji saba, ikasema jambo hili ni la kisiasa, lipelekwe bungeni. Kwa lugha ya sokoni: mahakama iliulizwa kama mlango uko wazi, ikajibu kawaulizeni walio ndani.

Mchungaji akaenda Arusha, kwenye Mahakama ya Afrika, na Juni 2013 akashinda. Alifariki kwa ajali ya gari Oktoba 2015 bila kumwona mgombea binafsi hata mmoja. Mwaka 2019 Serikali ikajitoa kwenye tamko lililoruhusu raia kuishtaki moja kwa moja kule. Hukumu ipo, haijafutwa, anayependa kusoma anaisoma.

Najua utasema, Mheshimiwa Spika, kwamba mtu mwenye uwezo atapita tu ndani ya chama. Nami naomba nikupeleke Nzega. Mwaka 2010 Hussein Bashe aliongoza kura za maoni za CCM pale, akamwacha mbali mbunge aliyekuwapo. Jina lilipokwenda Dodoma halikurudi. Ilisemekana uraia wake una walakini. Aliyeteuliwa ni Dk. Hamisi Kigwangalla, aliyekuwa wa tatu. Mimi hesabu nilizisoma kwa taa ya koroboi, na mpaka hapo nilikuwa naamini wa tatu hufuata baada ya wa kwanza na wa pili. Miaka mitano baadaye Bashe aliingia bungeni, na baadaye akawa Waziri wa Kilimo, kwa hiyo uraia ulipona. Wote wawili wamekuwa mawaziri, sina ugomvi nao. Ninachouliza ni zile kura za wana-Nzega za mwaka ule, zilihifadhiwa wapi? Kama zipo stoo, naweza kuzipata kwa bei ya jumla?

Ukiona Nzega ni mbali, basi Urambo. Mkoa wetu ulikupa mtangulizi, marehemu Samuel Sitta, Spika wa kasi na viwango. Mwaka 2010 alitaka kuendelea kukikalia kiti hicho unachokikalia wewe. Chama chake kikaamua kwamba safari hii mgombea uspika awe mwanamke, na kwa hatua hiyo moja Sitta akawa amekosa sifa asiyozaliwa nayo. Akina mama walistahili, na Mama Makinda aliyekipata kiti alikimudu. Lakini kama aliyeshika nyundo ya Bunge zima jina lake linaweza kuishia kikaoni, mwuza asali atalia kwa nani?

Mheshimiwa Spika, sitaki uondoke na dhana kwamba uchaguzi wetu hauna faida. Igunga unayo. Julai 2011 Rostam Aziz alijiuzulu ubunge akisema amechoka na siasa uchwara, na wilaya ambayo kwa kawaida hupitwa na mabasi usingizini ikapata helikopta angani na mawaziri ardhini. Mwalimu Joseph Kashindye wa CHADEMA, ambaye nje ya mkoa wachache walimjua, alipata kura 23,260 dhidi ya 26,484 za Dk. Dalaly Kafumu wa CCM, aliyekuwa Kamishna wa Madini. Mwaka 2012 Mahakama Kuu, Kanda ya Tabora, ikautengua ushindi huo. Mwaka 2013 Mahakama ya Rufani ikamrudisha Kafumu. Jambo mojawapo lililobishaniwa mahakamani lilikuwa ahadi ya daraja la Mbutu, iliyotolewa jukwaani na Waziri wa Ujenzi.

Mawakili walibishana kama ahadi ile ilikuwa halali. Mimi nilitazama daraja. Lilijengwa. Watu waliokuwa wakizuiwa na maji miaka nenda rudi wakavuka. Kwa hiyo naomba majimbo yote ya Tabora yapangiwe ratiba ya wabunge kujiuzulu kwa zamu: Sikonge mwaka huu, Kaliua mwaka kesho, Ulyankulu ikifuata. Waziri wa Ujenzi apewe kalenda mapema. Ndani ya mihula miwili hakuna mto utakaotusumbua, na gharama itakuwa ndogo kuliko mipango ya maendeleo ya miaka mitano mitano.

Pia naomba ngoma irudishwe. Jina la mtu likikatwa, lipigiwe ngoma siku hiyohiyo, au angalau atumiwe ujumbe wa simu, kabla hajauza pikipiki ya pili.

Ombi langu la mwisho linahusu mgombea mwingine. Mwaka 2024 mlitunga sheria kwamba mgombea aliyebaki peke yake asipite bila kupingwa. Apigiwe kura ya Ndiyo au Hapana. Niliisoma mara mbili kwa furaha. Huyu Hapana hana kadi ya chama. Hakununua fomu. Hakutafuta wadhamini 25, hakuitwa kikaoni, hakuna aliyeuliza uraia wake. Hakuwekewa pingamizi kwa kukosea tarehe. Pamoja na Mchungaji Mtikila kuzunguka mahakama zote hizo, mgombea binafsi aliyeruhusiwa Tanzania ni huyu mmoja.

Wala si mgeni kwenye ulingo. Alisimama dhidi ya Mwalimu mwaka 1965, 1970, 1975 na 1980, akasimama dhidi ya Mzee Mwinyi mwaka 1985 na 1990, na mara zote alibwagwa bila kukata rufaa. Hajawahi kuhama chama. Hajawahi kuahidi daraja. Sijui mwanasiasa mwingine mwenye rekodi safi kama hiyo, na nasikitika kwamba ametelekezwa: hana mabango, hana wimbo, kituoni hana wakala wa kumlindia kura zinapohesabiwa.

Mheshimiwa Spika, nafasi hiyo ya uwakala naiomba mimi, kwa mkoa mzima wa Tabora. Spika ya kutangazia ninayo, bodaboda ninayo moja iliyobaki, na posho sidai. Nikipewa barua ya utambulisho wiki hii, wiki ijayo naanza Igalula.

Naomba kutoa hoja.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Mtia nia, Tabora Mjini.