Kila Mguu na Ripoti Yake

Garissa gari linaweza kuishi miaka bila breki, lakini bila honi halimalizi wiki. Mji uko mita 150 hivi juu ya usawa wa bahari, na ukishika njia ya Dadaab utaendesha mpaka uchoke hujaona kilima cha kumtoa mbuzi jasho. Dereva akitaka kusimama huachia mafuta mapema, akawasalimu watu wa kando ya barabara, akauliza habari za mvua, na gari likasimama lenyewe karibu na pale alipokusudia. Ndiyo maana ugonjwa wa breki huku hukaa mwilini muda mrefu bila kujulikana. Wanaoufichua ni watatu: ngamia aliyesimama katikati ya lami usiku asiyejali taa zako, kizuizi cha polisi karibu na daraja la Tana, na safari ya kwenda "Kenya", maana kwa wenyeji wa huku Nairobi bado ni nchi nyingine.

Gari langu ni Peugeot 504, ile ndefu ya safu tatu za viti. Modeli hii ilizinduliwa 1968, ikashinda Safari Rally mwaka 1975 na tena 1978, kisha ikabeba abiria wa nchi hii mpaka viti vikatoka matumbo. Matokeo yake ni kwamba hakuna mwanamume wa makamo Garissa asiye na kisa chake ndani ya Peugeot, na kila mwenye kisa anajiona fundi. Ukifungua boneti tu, hata kama unatafuta kalamu iliyoanguka, umeshaitisha baraza.

Basi pedali ya breki ilipoanza vituko, nililipeleka kwa fundi mmoja anayefanya kazi chini ya mwarobaini. Fundi alikuwa chini ya lori la mtu, miguu tu ndiyo iliyoonekana. Baraza halikumngoja. Dereva wa lori alikuwa wa kwanza kuingia, akashindilia pedali kwa mguu uliozoea tani kumi, akatoka akipangusa mikono ambayo haikugusa kitu. "Mwalimu, hii iko na upepo." Akafuata muuza duka na ndara zake, akaigusa kwa kidole gumba cha mguu: "Mbona iko sawa? Walahi hii ni kama mpya." Mzee mmoja, ambaye vijana walimpisha wakimwita adeer, yaani ami, hakutaka hata kuketi. Alipenyeza bakora yake mlangoni, akaidukua pedali, akaichomoa. "Imekufa," akasema, akarudi kwenye kivuli. Mtoto aliyetumwa maziwa akaingia upande wa pili, akaikanyaga mara kadhaa upesi upesi, ikapanda juu. "Imepona!"

Kila mguu na ripoti yake, na la ajabu ni kwamba kila ripoti ingeweza kuwa ya kweli kwa gari fulani.

Breki zenyewe hazina uchawi. Mguu unasukuma pedali, pedali inasukuma pistoni ndani ya masta silinda, pistoni inasukuma mafuta ya breki kwenye paipu mpaka magurudumuni, na huko pedi zinabana diski au breki shu zinatanuka ndani ya drami. Mafuta hayabanwi yakapungua, ndiyo maana yanafikisha nguvu yote. Upepo unabanwa. Ukiingia kwenye paipu, nguvu ya mguu wako inaishia kuuminya, na pedali inabonyea mithili ya godoro la hosteli. Hiyo ndiyo ripoti ya dereva wa lori. Ikiwa pedali inashuka sana, lakini ukiipampu inapanda na kukaa ngumu, mara nyingi breki shu zimelika zikawa mbali na drami, zinahitaji kukazwa. Mtoto wa maziwa alikuwa njiani kuelekea huko. Gari likivuta upande mmoja, kagua magurudumu: silinda moja imekwama, au mafuta yamevujia pedi. Yote haya pedali huyasema, ila lazima uiulize vizuri.

Swali zuri lilitoka chini ya lori. "Mwalimu," ile miguu ikasema, "ukiikanyaga na kuishikilia, inafanya nini?"

Kimya. Katika baraza zima hakuna aliyeishikilia. Kila mmoja alikanyaga, akahukumu, akashuka. Jibu nilikuwa nalo mimi, na nililipata kizuizini.

Pale ardhi inaelekea mtoni, mteremko mdogo usiouona mpaka gari likuonyeshe. Nilisimama vizuri, kwa adabu, kioo kimeshushwa, kitambulisho mkononi. Nikiwa nimeshindilia, nikahisi pedali inashuka polepole chini ya soli ya kiatu. Gari likaanza kusogea.

"Nimesema simama."

"Nimesimama, afande."

"Mbona unakuja?"

"Mimi nimesimama. Gari ndilo linalokuja."

Akautazama mguu wangu, uliokuwa umekanyaga mpaka goti linatetemeka. Akarudi nyuma hatua moja. Peugeot nayo ikamfuata. Kilichotuokoa ni breki ya mkono, ambayo kazi yake haitegemei mafuta bali waya unaokwenda moja kwa moja magurudumu ya nyuma. Alinirudishia kitambulisho kabla hajakisoma, akaniomba niende mbali naye.

Nilipomaliza kusimulia, fundi alijitoa chini ya lori, akakagua matairi yote kwa ndani, akafuata paipu kwa kidole. Hakuna palipovuja. "Basi ni raba," akasema. Pedali ikizama taratibu ukiishikilia, na nje pakavu, mafuta yanapenya ndani ya masta silinda yenyewe, kupita raba iliyochoka, na kurudi yalikotoka.

Hapo baraza likahamia kwenye dawa. Dereva wa lori aliapa kwamba aliwahi kufika kutoka Liboi akiwa na maji ya sabuni kwenye breki. Mwingine akapendekeza mafuta ya injini, "yote si mafuta tu?" Si mafuta tu. Mafuta ya injini huzivimbisha raba za breki mpaka zikwame, na gari lililokataa kusimama likakataa kuondoka. Maji nayo huchemka kwa nyuzi 100. Mafuta ya breki ya DOT 3 yakiwa mapya hayachemki chini ya nyuzi 205, lakini hufyonza unyevu hewani mwaka baada ya mwaka, na yakilowa kiwango hicho kinaweza kushuka hadi 140. Ukiwa umeshuka vilima vya Mwingi ukirudi nyumbani, mguu haujatoka kwenye breki, mafuta ya namna hiyo hugeuka mvuke, na mvuke ni upepo tu uliopata moto.

Fundi alifungua masta silinda, akatoa kiraba kidogo, akakiweka kiganjani. Ukingoni palikuwa na mkato mwembamba kuliko ukucha. Baraza likainama kuutazama. Muuza duka, aliyesema gari ni kama jipya, alitaka kujua kama kile ndicho kilichokuwa kikimfukuza askari.

Raba mpya zikaingia, mafuta meusi yakamwagwa, tukaanza kutoa upepo, tukianzia gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda. Mimi kwenye pedali, fundi kwenye nati. "Kanyaga! Shikilia! Achia!" Kufikia gurudumu la pili baraza zima lilikuwa likiitikia, na la tatu watoto walikuwa na kibwagizo. Jumatatu nilipoingia darasani na kusema "shikeni kalamu", sauti kutoka nyuma ikajibu, "Shikilia!"

Pedali sasa inasimama juu, haibonyei, haizami. Niliporudi kulipa deni la raba, kila mjumbe alinikumbusha kwamba ndivyo alivyosema tangu mwanzo, pamoja na yule mzee, ambaye alieleza kwamba iliyokufa ni raba, hakuwahi kusema ni gari. Kisha akapenyeza bakora mlangoni tena, akapita breki ya katikati bila kuigusa, akaidukua klachi.

"Mwalimu," akasema, "na hii ya kushoto?"

Dereva wa lori alikuwa tayari anavua viatu.