Barua ya Wazi kwa Mkubwa Mwenye Faili Langu

Kwako Mkubwa, popote ulipo, Goma au Kinshasa,

Naishi Ndosho, mtaa wa hapa Goma. Naomba kazi ya udereva kwenye shirika moja la misaada, na tangazo lao linadai casier judiciaire, cheti cha rekodi ya jinai, isiyozidi miezi 3. Yaani nithibitishiwe kwamba sikufanya kitu. Cheti kikiwa kizuri, Mkubwa, ni karatasi inayosema hakuna lolote, na niko tayari kulilipia hilo hakuna: picha mbili, fotokopi, nauli ya pikipiki, pamoja na kile kidogo cha kulowesha koo la yule anayetafuta kalamu.

Shida yangu ni anwani. Zamani njia ilikuwepo, mbovu lakini ipo. Tangu waasi wa M23 waingie mjini mwishoni mwa Januari 2025, muhuri unaopigwa hapa hauna uzito Kinshasa, na muhuri wa Kinshasa ukionekana hapa unaweza kumletea mwenyewe maswali. Siku hizohizo uwanja wa ndege ulifungwa, na mabenki yakafunga milango, kwa hiyo hata nikitaka kulipa ushuru wa serikali kwa uaminifu, sijui nimlipe nani. Raia mwema ananitoka kidogo kidogo kwa kukosa dirisha la kulipia.

Halafu kuna hilo faili lenyewe. Tarehe 6 Mei 2021 ilianza hali ya dharura Kivu Kaskazini na Ituri, na kesi za jinai za raia zikahamishiwa mahakama za kijeshi. Kama niliwahi kushtakiwa kwa kuku wa jirani mwaka 2022, basi kuku huyo yuko jeshini. Ofisi za mahakama hizo nazo zikapata wageni. Januari 2025 gereza la Munzenze, hapa Goma, likavunjwa, maelfu wakatoka bila kuulizwa karatasi. Wanawake waliokuwa wamefungwa humo, wengi wao walibakwa, kisha wakateketea kwa moto. Hapo sitanii, Mkubwa, na sijasikia bado ni kabati gani linalotunza jina la aliyewafanyia hivyo.

Wale waliotoka hakuna aliyewadai cheti. Anayedaiwa ni mimi niliyekuwa nyumbani siku hiyo, nimelala chini ya kitanda na watoto, risasi zikipita juu ya mabati.

Tuseme faili limepatikana. Utajuaje ni langu? Nchi yetu inatembea na kadi ya mchaguzi badala ya kitambulisho, na yangu ni ya zile za mwaka 2023, zilizofifia mpaka tume ya uchaguzi ikaombwa nakala mpya. Uso wangu umebaki kivuli chenye masikio. Jina bado linasomeka kwa shida, lakini Bahati na Amani tuko wengi mno hapa Ndosho; ukiita mmoja sokoni wanageuka watano, na mmojawapo hakosi kuwa na kesi. Karani wa ofisi fulani alifungua daftari, akashuka na kidole, akasimama kwenye jina, akaniangalia, akasema, “Huyu ni wewe?” Nikasema hapana. Akasema wote wanasema hivyo. Katiba ya 2006, kifungu cha 17, inasema mshtakiwa huhesabiwa hana hatia mpaka hukumu ya mwisho. Haikutaja majina yanayofanana.

Nasikia Nairobi kijana anaomba cheti cha tabia njema kwenye eCitizen, analipa shilingi elfu na kidogo, anakwenda kuchukuliwa alama za vidole, kisha anarudi kusubiri kwake. Wakenya nao wanalalamika, hasa wale ambao hata nauli ya kwenda kutafuta kazi hawana. Kuna mfano mwingine wa karibu zaidi, wa kuvuka mpaka kwa miguu, lakini siutaji. Siku hizi kumsifu jirani ni kesi.

Kwa hiyo nakupa njia nyepesi. Usinisafishe. Niandikie tu ukweli: “Tumetafuta, hatukuona faili, wala kabati.” Piga muhuri wowote ulio nao. Kama mpo wawili, mmoja huku na mmoja kule, pigeni yote miwili, mmoja juu na mwingine chini, isigusane. Shirika litachagua wa kusoma.

Maombi yanafungwa Ijumaa saa tisa alasiri. Nikipata kazi, mshahara wa kwanza sitakusahau. Na ukiona maneno hayo ni rushwa, yaandike, yawe mstari wa kwanza wa faili langu. Angalau tutajua liko wapi.

Wako mtiifu,
Dereva wa Ndosho, bado hana gari